Mazingira Yasiyoandikwa

Ukiiambia Python ya toleo la 2 igawe 3 kwa 2, inajibu 1. Ukiiambia ya toleo la 3, inajibu 1.5. Hakuna onyo linalotolewa wala ujumbe wa kosa. Maandishi ya programu ni yaleyale, kompyuta ni ileile, na aliyeketi mbele yake ni yuleyule. Tofauti yote imo katika jambo moja ambalo maandishi hayo hayalitaji: ni Python ipi, kati ya zilizomo ndani ya mashine, iliyoitika jina lilipoitwa. Mwandishi wa programu anayefanya kazi kwenye Unix, au kwenye Linux na macOS zilizofuata nyayo zake, anaishi na swali hilo kila siku. Mradi mmoja unadai toleo la zamani, wa pili unadai jipya, wa tatu unadai maktaba zisizoweza kukaa pamoja na za wa kwanza. Kuhama kutoka mazingira haya kwenda yale huchukuliwa kuwa kazi ndogo ya mikono, ya kukariri amri mbili tatu. Mimi nashikilia kwamba ni kazi ya uandishi. Mazingira ni sehemu ya programu, na sehemu hiyo ikiachwa bila kuandikwa, programu haijakamilika hata kama leo inafanya kazi. Ufundi wowote wa kuhama mazingira tuupime kwa hilo: unayaandika, au unayaficha?

Chimbuko la jambo lenyewe linaonekana vizuri tukirudi Bell Labs, Marekani, Unix ilikozaliwa. Katika Unix ya Toleo la Sita, iliyotoka 1975, sheli, yaani programu inayosoma amri unazoandika, ilitafuta kila amri mahali palepale pasipobadilika: kwanza saraka uliyomo, kisha /bin, kisha /usr/bin. Hukuweza kuiambia itafute kwingine bila kuiandika upya. Toleo la Saba la 1979 lilileta sheli mpya ya Stephen Bourne, na pamoja nayo vigeu vya mazingira: orodha ya majina na thamani zake ambayo kila mchakato hukabidhiwa unapoanza. Kimoja kati ya vigeu hivyo ni PATH, mfululizo wa saraka zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Sheli huzipitia kutoka kushoto kwenda kulia, na saraka ya kwanza kukutwa na amri iliyotajwa ndiyo inayoitoa. Zinazofuata hata hazitazamwi. Kuhama mazingira kwenye Unix, ukivua mapambo yote, ni kubadilisha nani anatangulia katika mstari huo. (Saraka uliyomo ilipoteza heshima yake ya kuwa mbele, na kwa haki: mtu mwenye nia mbaya angeweza kuweka faili liitwalo ls, jina la amri ya kuorodhesha mafaili, mahali pa wote, akamsubiri msimamizi wa mfumo apite na kuliendesha kwa mamlaka yake.)

Kilicho kizuri katika mpango huo, na ambacho hakisifiwi vya kutosha, ni mwelekeo wa urithi. Mchakato unaozaliwa hupewa nakala ya mazingira ya mchakato mzazi. Ukiibadilisha, mabadiliko yanaifikia michakato itakayozaliwa nao. Hayarudi kamwe kwa mzazi wala hayavuki kwenda kwa jirani. Kwa hiyo madirisha mawili ya amri yaliyofunguliwa sambamba yanaweza kufanya kazi, moja kwa toleo la 2 na jingine kwa toleo la 3, na hakuna linaloharibu kazi ya mwenzake. Ukifunga dirisha, mazingira yake yanakufa nalo. Ndiyo sababu pia hati ya kuamsha mazingira haiendeshwi kama programu ya kawaida, bali sheli huagizwa iisome yenyewe kwa amri ya source: ingeendeshwa kama mchakato mwana, ingebadilisha nakala yake, ingemaliza kazi, na sheli ingebaki ilivyokuwa. Wanaoanza hulalamikia jambo hili kama usumbufu. Mimi naliona kuwa ulinzi mkubwa kuliko wote tuliorithi kutoka 1979, kwa kuwa linahakikisha kwamba kosa la mtu katika dirisha moja halipandi kuugusa mfumo mzima.

Thamani ya ulinzi huo inaonekana pale watu walipoukwepa na kubadilisha mashine yenyewe. Kwa miaka mingi, katika mifumo ya Linux ya Red Hat na CentOS, chombo cha kusakinisha vifurushi kiitwacho yum kiliandikwa kwa Python 2 na kiliitegemea ile iliyomo /usr/bin. Waliotaka toleo jipya walikihamisha kiungo cha /usr/bin/python kielekee toleo la 3, na papo hapo yum ikagoma; mtu akabaki na mashine isiyoweza kusakinisha chochote, hata kile cha kuitibu. Oktoba 2010 Arch Linux iliamua kwamba jina python limaanishe toleo la 3, ilhali Debian ikaendelea kulielekeza kwenye toleo la 2. Jina moja likawa na maana mbili katika mifumo miwili iliyo hai wakati mmoja, hadi jumuiya ya Python ikaandika waraka maalumu, PEP 394 wa 2011, ikishauri programu zitaje python2 au python3 waziwazi. Somo lilichukua muda kuingia. Ni katika Debian 12, iliyotoka 2023, ambapo pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, ilianza kukataa kuzisakinisha ndani ya Python ya mfumo, ikimwelekeza mtumiaji atengeneze mazingira yake pembeni. Uamuzi huo uliwaudhi wengi waliozoea kusakinisha popote. Naona ulikuwa sahihi, na ulichelewa.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiumalize mgogoro kwa kuyatupa matoleo ya zamani, sote tukahamia lililo jipya. Historia ya Python yenyewe inawajibu. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008. Mwisho wa toleo la 2 ulipangwa uwe 2015, kisha ukasogezwa hadi Januari 1, 2020. Hiyo ni zaidi ya miaka 11 ambayo matoleo mawili yasiyoelewana yaliishi pamoja kihalali, kwa ridhaa ya watengenezaji wake, maana maktaba zilihama moja moja na kila mradi ulizisubiri zile unazozitegemea. Aliyekuwa na wateja wawili kipindi hicho hakuwa na hiari. Hata leo, mtafiti anayetaka kurudia hesabu za makala iliyochapishwa 2014 hatafuti toleo bora kuliko yote; anatafuta lile lililotoa majibu yale. Kusasisha kila kitu ni sera nzuri ya usalama kwa seva inayotazamana na dunia. Kwa mtu anayetaka kujua majibu ya zamani yalipatikanaje, sera hiyohiyo inafuta ushahidi.

Pamoja na sifa zote nilizoipa PATH, ina kasoro moja kubwa: inafanya kazi kimyakimya. Kampuni ya Sun Microsystems ilipoingia katika mfumo wake wa Solaris 2 mwaka 1992, ilibeba urithi wa koo mbili za Unix, System V ya AT&T na ile ya Chuo Kikuu cha Berkeley. Haikutaka kumkosesha mtu yeyote amri alizozizoea, kwa hiyo ikaweka za ukoo mmoja katika /usr/bin na za mwingine katika /usr/ucb, na baadaye zile za viwango vya X/Open katika /usr/xpg4/bin. Matokeo yake, amri ya echo -n iliweza kuchapa maneno bila kushuka mstari, au kuichapa -n yenyewe kama sehemu ya maneno, kutegemea saraka ipi imetangulia. Hakuna kitu katika hati ya amri kilichosema mwandishi wake alikusudia ipi. Alikusudia ile iliyokuwa kwake, na hakujua kwamba amekusudia. Kila asiyeandika mazingira yake yuko hapo alipokuwa mwandishi huyo.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, tazama cron, inayoendesha kazi zilizopangiwa saa. Hati inafanya kazi vizuri mchana ikiendeshwa kwa mkono, na inaanguka saa nane usiku. Msimbo haujaguswa. Lakini cron haisomi mafaili ambayo sheli ya mtumiaji huyasoma anapoingia. Huipa kazi yake PATH fupi, mara nyingi /usr/bin na /bin tu, na programu iliyosakinishwa kwingine haionekani. Hata lugha imo katika hesabu hii. Kwenye Linux, kigeu LC_ALL kikiwa C, amri ya sort hutanguliza herufi kubwa zote, hivyo Zanzibar iliyoanza kwa herufi kubwa inakuja kabla ya bagamoyo iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Kikiwekwa sw_TZ.UTF-8, utaratibu unageuka. Nayo amri ya join, inayotaka mafaili mawili yawe yamepangwa kwa utaratibu mmoja, inaweza kuiruka mistari iliyopaswa kukutana, eti kwa sababu faili moja lilipangwa kwenye kompyuta ya ofisini na jingine kwenye seva. Anayedhani kwamba mazingira ni suala la toleo la lugha ya programu peke yake ameona pembe tu. Mnyama mwenyewe bado yumo majini.

Basi nani ameyaandika? Jibu la mapema lililonyooka lilitoka kwa wasimamizi wa mifumo. Mwaka 1991, katika mkutano wao wa LISA uliofanyika San Diego, John Furlani aliwasilisha mpango alioita Modules. Kila toleo la kila programu linaandikiwa faili dogo linaloeleza saraka zipi ziongezwe kwenye PATH, vigeu gani viwekwe, na kitu gani hakipatani na kingine. Amri ya module load hulitekeleza faili hilo. Module unload hulisoma kinyumenyume na kutengua kila lilichoongeza. Module swap hubadili toleo kwa toleo. Module list husema nini kimepakiwa sasa. Yamepita zaidi ya miaka 30 na mpango huo, pamoja na ndugu yake mdogo Lmod kutoka Texas, bado ndio unaotawala kompyuta kubwa za utafiti duniani. Hata katika ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, watafiti wanaochambua jeni huziita programu zao kwa module load. Umedumu kwa sababu ulielewa mambo mawili kwa pamoja: badiliko libaki ndani ya mchakato wa aliyeliomba, na maelezo ya badiliko yakae kwenye faili ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma. Mtafiti anayeweka mistari yake ya module load, yenye namba kamili za matoleo, juu kabisa ya hati ya kazi yake ameandika nusu ya sehemu ya mbinu katika makala atakayoichapisha.

Ulimwengu wa Python ulifika hapo kwa njia yake. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007, na mwaka 2012 wazo hilo likaingia ndani ya Python 3.3 yenyewe kwa jina la venv. Wengi wanaamini kwamba uchawi umo katika kuamsha mazingira. Kuamsha ni jambo dogo: kunaitanguliza saraka moja katika PATH na kuweka kigeu au viwili. Ukiiita python iliyomo ndani ya mazingira hayo kwa anwani yake kamili, inalikuta faili pyvenv.cfg, inajua maktaba zake ziko wapi, na inafanya kazi bila kuamshwa na mtu. Kwa kazi ya cron iliyoanguka usiku, hiyo ndiyo dawa: itaje anwani kamili, na PATH fupi haitakuwa na neno. Lakini saraka ya venv ni matokeo tu, na haielezi ilivyofikiwa. Kumbukumbu ni faili la mahitaji lililo nje yake, nalo lina thamani pale tu linapotaja namba. Anayeandika jina la maktaba, tuseme numpy, bila namba amesema kwamba atapokea chochote kitakachokuwepo siku ya kusakinisha; anayeandika numpy==1.16.6 amesema alichotumia. Kati ya mistari hiyo miwili kuna umbali wa programu inayoweza kurudiwa na ile iliyowahi kufanya kazi siku moja.

Hapa naweza kuulizwa kuhusu vyombo vinavyohamisha mazingira vyenyewe, mtu anapoingia tu kwenye saraka ya mradi. Mafaili yake nayapenda: .nvmrc, .ruby-version, .python-version, kila moja mstari mmoja wa namba, linalosafiri pamoja na msimbo. Utekelezaji ndio unaotofautiana. Direnv husoma faili la mradi unapoingia, lakini hukataa kulitekeleza mpaka uwe umeliidhinisha kwa direnv allow, na likibadilika baadaye inakuomba idhini upya. Hiyo ni adabu inayostahili kuigwa, kwa kuwa kuingia kwenye saraka ya mtu mwingine hakupaswi kuwa ruhusa ya kuendesha amri zake. Pyenv na rbenv zimechagua kuweka programu ndogo za kupokea wito na kuuelekeza kwingine. Ukiuliza which python unaonyeshwa mpokeaji, na ili umjue anayejibu hasa huna budi kuuliza pyenv which python. Urahisi wake ni wa kweli. Gharama yake ni kwamba mfumo sasa unatoa jibu lisilo kamili kwa swali la msingi kuliko yote, na mwanafunzi ambaye bado anajifunza PATH ni nini ndiye anayeilipa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa kontena. Tangu Docker ilipotangazwa Machi 2013, hoja yao imekuwa kwamba suala hili limekwisha: funga programu pamoja na mfumo mzima inaoutegemea, usafirishe vyote kwa pamoja, na hutahitaji kuhama mazingira tena. Wazo lililo chini yake ni la heshima, na ni la zamani kuliko Docker. Waliobuni Unix wenyewe, walipotengeneza mfumo wa Plan 9 miaka ya 1980, waliuondoa karibu mzigo wote wa PATH kwa kumpa kila mchakato uwezo wa kuwa na mwonekano wake wa mafaili: /bin yangu inaweza kuunganishwa kutoka saraka tofauti na zile za /bin yako. Linux ilipata kipande cha uwezo huo 2002, na kontena zimejengwa juu yake. Sina ugomvi na ufundi huo. Ugomvi wangu ni na dai kwamba kufungia ni sawa na kueleza. Faili la Docker linaloanza kwa kuomba python:3, kisha likaendelea na apt-get install bila namba, likijengwa leo na likajengwa tena baada ya miezi sita, litatoa vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Kontena iliyojengwa ikahifadhiwa itaendelea kufanya kazi, ni kweli, lakini haitamwambia mtu kwa nini inafanya kazi, na siku itakapohitaji kurekebishwa, atakayeifungua atakuta yaleyale yaliyofichwa. Tena kuna uzito wake. Kontena nyingi za kazi hii ni mamia ya megabaiti, na mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anayenunua bando kwa siku analipa kila megabaiti, ilhali faili la mahitaji la mistari kumi linatumwa hata kwa ujumbe wa simu. Kwa kupeleka programu kwenye seva, kontena ni chombo kizuri. Kwa kumweleza mwenzako programu yako inategemea nini, haitoshi.

Walioifikisha hoja hii hadi mwisho wake ni watu wa Nix, mfumo wa kusimamia vifurushi. Eelco Dolstra, katika tasnifu yake ya udaktari ya 2006 huko Utrecht, Uholanzi, alipendekeza kwamba anwani ya kila kifurushi kwenye diski ibebe alama iliyokokotolewa kutokana na kila kilichoingia katika kukijenga: msimbo wake, kompaila, maktaba, hata vigeu vya mazingira. Kikibadilika kimoja, anwani inabadilika. Matoleo mawili hayawezi kugongana kwa sababu hayana jina moja, na kurudi nyuma ni kukielekeza kiungo kilichomo katika PATH kwenye anwani ya jana, ambayo bado ipo. Guix, mradi wa GNU ulioanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, ulifuata njia hiyohiyo na kuongeza amri ya kurudi kwenye hali ya vifurushi vyote ilivyokuwa katika hatua fulani ya historia yake. Nix-shell na guix shell, zikishamaliza hesabu zao zote, hufanya kile ambacho Bourne angekitambua: huanzisha mchakato mwana na kuukabidhi PATH. Tofauti ni kwamba PATH hiyo sasa imetoka kwenye maandishi yanayoweza kusomwa na kujengwa upya na mtu asiyemjua mwandishi.

Watasema ni vigumu, na wana haki. Nix ina lugha yake, diski inajaa upesi, na sehemu za mwongozo wake zinamtaka msomaji awe ameshaelewa. Nisingemtwisha mtu anayeandika programu yake ya kwanza. Wanaendelea kusema kwamba hata faili la mahitaji ni mzigo kwa mradi mdogo wa mtu mmoja, na hapo ndipo tunapoachana. Mzigo wa kutoandika haupotei. Unahamia kwa atakayefuata, ambaye hana njia ya kuuliza, na mara nyingi atakayefuata ni mwandishi yuleyule baada ya kubadili kompyuta. Dakika zinazookolewa leo zinalipwa baadaye kwa siku nzima za kubahatisha ni toleo lipi la maktaba ipi lilikuwepo wakati kila kitu kilipokuwa kinakubali.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha programu, vyuoni na kwenye kozi za mitandaoni, wafundishe PATH na urithi wa michakato kabla ya chombo chochote cha kuhamisha mazingira, na wasipokee kazi ya mwanafunzi isiyo na faili la mazingira yake. Nawe unayeanza mradi, liandike faili hilo kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, utaje namba za matoleo, na ulihifadhi pamoja na msimbo. Kisha, mradi ungali mdogo, ifute saraka nzima ya mazingira uijenge upya kwa faili hilo peke yake. Ikikataa kujengeka, sasa unajua ni kipi hukukiandika, na bado unakumbuka jibu.